Mama Daftari Anajibu: Fedha Yako Inarudi Lini?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: njia ipi nzuri ya kuanzisha biashara ndogo, au kuipanua ile iliyopo? Nimewatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo wa kila namna, wachuuzi kwa mafundi, na sijaona njia inayomfaa kila mtu. Ila nimeona kwamba kila biashara ina muda wa kungoja, tangu fedha itoke mfukoni hadi irudi, na lazima awepo wa kuubeba muda huo. Huenda ni wewe, mwajiri wako, mteja, muuza malighafi, mbia au benki. Ukishamjua anayebeba, kuchagua njia kunakuwa rahisi zaidi. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mama Daftari. Nimeajiriwa ofisini, na jioni nachapisha maandishi na picha kwenye fulana. Oda zinakuja, ingawa si kila wiki. Marafiki wananiambia mshika mbili moja humponyoka, niache kazi nijitose. Wewe wasemaje?
*Mchapishaji wa jioni*

Marahaba mwanangu. Hao marafiki wanasahau kwamba mshahara ndio unaokulipia kungoja. Wiki ambayo oda haiji, wewe unakula, kodi ya nyumba inalipwa, na mashine inakaa tu kimya bila kukudai. Ukiacha kazi leo, wiki kavu ya namna hiyo itakufanya upokee oda mbaya kwa bei mbaya, kwa sababu una shida.

Phil Knight na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman, walianza mwaka 1964 kuuza viatu vya michezo kutoka Japani. Kila mmoja alitoa dola 500. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Nike. Knight hakujitosa. Aliendelea na kazi ya uhasibu, kisha akafundisha uhasibu chuo kikuu, na viatu akiviuza kutoka kwenye buti la gari lake. Aliingia kwenye biashara moja kwa moja mwaka 1969. Hiyo ni miaka mitano ya kushika mbili, na hakuna iliyomponyoka.

Wewe fungua akaunti ya pekee kwa ajili ya fulana, na fedha yake isinunue hata kiberiti cha nyumbani. Soma mkataba wako wa ajira kama unakuruhusu kufanya shughuli nyingine, na usiguse printa wala saa za mwajiri. Halafu subiri dalili moja: unakataa oda nzuri kwa kuwa saa za jioni hazitoshi, na hali hiyo inajirudia mwezi baada ya mwezi, huku hesabu zikionyesha faida hata baada ya kujilipa ujira wako. Siku hiyo andika barua ya kuacha kazi. Dalili nyingine zote, hasa ile ya kumchoka bosi, zipuuze. Kumchoka bosi si mpango wa biashara.

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa samani. Nina vijana watatu na oda za miezi miwili mbele. Mauzo ya mwaka huu yamepita ya mwaka jana kwa mbali, lakini sasa hivi nakopa ili ninunue mbao. Nimekutumia picha ya ukurasa wa daftari langu. Nataka kupanua karakana. Nianzie wapi?
*Fundi mwenye oda nyingi*

Marahaba. Usianzie kwenye karakana.

Ukurasa wako nimeutazama kwa miwani, kisha nikaukuza kwenye simu nikautazama tena. Safu ya kwanza ni jina la mteja, ya pili kitu, ya tatu bei, ya nne "amelipa", ya tano "bado". Safu ya nne ina mapengo. Ya tano imejaa hadi umeanza kuandika wima pembeni ya karatasi, kwa kalamu nyekundu. Kabati la milango mitatu limeshachukuliwa, na malipo yake ni "mwisho wa mwezi", mwezi wenyewe hukuutaja. Vitanda viwili, "akirudi safari". Ukurasa mzima hauna tarehe hata moja, na hilo limenishtua kuliko madeni yenyewe. Deni lisilo na tarehe ni zawadi ambayo hujaamua kuitoa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mbao zinakaa kwako siku 20 kabla ya kuguswa, kazi inachukua siku 10, na mteja analipa siku 45 baada ya kubeba kitu chake. Jumla siku 75. Muuza mbao anakupa siku 15 za kumlipa. Zinabaki siku 60 ambazo wewe, mtu mmoja, unabeba mzigo wa wote. Kama kila siku karakana inakula 10, basi 600 yako iko nje wakati wowote ukiamka. Oda zikiongezeka maradufu, nje itakuwa 1,200. Hiyo 600 ya nyongeza itatoka wapi? Ndiyo hiyo unayokopa. Faida yako ipo, fundi, ila imekaa sebuleni mwa watu.

Ndiyo maana biashara inaweza kufa huku inauza sana. Wengi wanaoniletea vitabu wakiwa wamekwama hawakukosa wateja. Walipata wateja haraka kuliko fedha ilivyorudi, na kwa kuwa kila mtu aliwasifu kwa kukua, hawakuona sababu ya kusimama kidogo.

Una kamba tatu za kuvuta. Ya kwanza ndiyo nzito: malipo ya awali. Piga hesabu ya mbao, gundi, misumari na vanishi kwa kila kitu unachotengeneza. Tuseme vinafika asilimia 40 ya bei. Basi msumeno usiguse mbao kabla mteja hajaweka asilimia 40. Hapo fedha ya malighafi inakuwa yake, wewe unabeba ujira tu. Najua utasema wateja wa zamani watanuna. Anza na wapya, hao hawajui ulivyokuwa ukifanya jana. Wa zamani waambie kwa oda inayofuata, usiseme kwa oda iliyopo. Asiyeweza kutoa awali hata robo, jiulize atatoa wapi yote kitu kikishafika kwake.

Mwaka 1976, Steve Jobs na Steve Wozniak, waanzilishi wa kampuni ya Apple, walipata oda ya kompyuta 50 kutoka duka liitwalo Byte Shop huko California, kwa ahadi ya kulipwa mara tu wanapokabidhi. Fedha ya vipuri hawakuwa nayo. Jobs alimwendea muuza vipuri na oda mkononi, akapewa vipuri kwa deni la siku 30, wakaunganisha mashine wakiifukuzia tarehe ya deni. Michael Dell, aliyeanza biashara ya kompyuta mwaka 1984 akiwa mwanafunzi na mtaji wa dola 1,000, alikwenda mbali zaidi: kampuni yake ilikuja kupokea fedha ya mteja kabla haijamlipa muuza vipuri. Ukuaji wake ulikuwa ukimletea fedha, ilhali ukuaji wako unakunyang'anya, ingawa nyote mnaunganisha vipande kwa oda.

Kamba ya pili: acha kununua mbao za kuweka. Siku 20 za kukaa bure punguza hadi 5, nunua kwa oda. Utakosa punguzo la jumla mara mojamoja, na ni sawa. Ya tatu ni muuza mbao. Mlipe kwa wakati mara kadhaa mfululizo, kisha ndipo umwombe siku 30. Aliyezoea kuona unachelewa hatakusikiliza.

Nikupe hesabu mpya: mbao siku 5, kazi siku 10, mteja siku 15, muuza mbao siku 30. Muda wa mbao sasa unafutika wote, bado hatujagusa malipo ya awali.

Kuhusu yale yaliyokwisha kwenda, anza na madeni ya karibuni, hata kama ni madogo. Vijana wako wangekushauri uanze na kubwa la zamani, nami nakwambia lile litakulia nguvu za mwezi mzima. Mpigie aliyechukua kitu wiki iliyopita, kumbukumbu yake bado mbichi na kiti bado anakifurahia. Taasisi na ofisi zinazochelewa kulipa ziandikie ankara yenye tarehe ya mwisho, na kwenye bei yao weka gharama ya kungoja. Hawatagundua, na wakigundua wataelewa.

Daftari jipya liwe na safu sita. Ya sita iandike "tarehe". Ukifika ukurasa ambao kalamu nyekundu haijahitajika pembeni, niandikie tena tuzungumze karakana.

Mama Daftari, mimi na shemeji yangu tunataka kufungua karakana ya baiskeli na duka la vipuri vyake. Yeye ana mtaji, mimi nina ufundi. Tumekubaliana nusu kwa nusu. Kuandikiana mkataba tunaona aibu, sisi ni ndugu.
*Fundi baiskeli*

Aibu ya kuandikiana leo ni ndogo kuliko ya kuitwa kikao cha ukoo baadaye. Andikeni.

"Nusu kwa nusu" ya nini? Shemeji ataweka fedha mara moja, wewe utaweka mikono kila siku. Baada ya mwaka utaanza kuhesabu saa zako, naye ataanza kuhesabu fedha yake, na kila mmoja atakuwa na haki. Suluhisho langu ni la siku zote: mwenye kufanya kazi alipwe ujira kwanza, kama angelipwa fundi mwingine yeyote, kisha faida inayobaki ndiyo igawanywe. Halafu andikeni nani anatia saini benki, deni la kiasi gani linahitaji saini zote mbili, mmoja akitaka kutoka analipwa kwa hesabu ipi na kwa muda gani, na akifariki sehemu yake inakwenda wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Shahidi awe mtu asiye wa ukoo.

Jambo la pili hukuliuliza, lakini ni zito. Katika ubia wa kawaida, sheria za nchi nyingi humfanya kila mbia awajibike kwa madeni yote, si nusu yake. Shemeji akikopa vipuri kwa jina la duka, wanaodai wanaweza kukujia wewe. Kampuni yenye dhima yenye mpaka, ambayo madeni yake hayavuki kuingia mfukoni mwa mwenye hisa, ni kitu tofauti. Kesi ya Salomon, inayonukuliwa na wanasheria kama ya mwaka 1897, ndiyo iliyokaza msumari huo. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu London. Mwaka 1892 aligeuza biashara yake kuwa kampuni, yeye akiwa na hisa karibu zote, mkewe na watoto watano wakiwa na moja moja. Kampuni ikafilisika, wadai wakataka alipe yeye. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kampuni ni mtu mwingine kisheria, mwenye madeni yake mwenyewe, hata kama nyuma yake yuko Salomon yuleyule.

Msikimbilie kusajili kampuni kwa kisa hicho tu. Benki nyingi zinapokopesha kampuni changa humtaka mwenyewe aweke dhamana binafsi, na hapo ukuta mliojenga mnautoboa kwa saini yenu wenyewe. Kabla ya kusaini, someni karatasi ya dhamana kuliko ya mkopo.

Nimestaafu na nina kiinua mgongo. Sitaki kuanza na sifuri. Kuna mtu anauza biashara yake ya kufua nguo, anasema faida ni nzuri. Pia kuna kampuni yenye jina kubwa inayokodisha jina na utaratibu wake kwa watu kama sisi. Nichague ipi?
*Mstaafu*

Mzee wangu, njia zote mbili zinakuuzia kungoja kulikokwisha kubebwa na mtu mwingine: wateja wapo, mashine zipo, jina lipo. Kwa hiyo unalipa zaidi, na cha kuchunguza ni kama unachokilipia kitabaki baada ya muuzaji kuondoka.

Kwa ile ya kufua nguo, daftari la muuzaji liweke kando, omba taarifa za benki na bili za maji na umeme. Mashine ya kufulia haidanganyi: nguo nyingi, maji mengi. Kama anadai mauzo yamepanda na bili ya maji imelala palepale, kunja mkeka. Nenda ukakae jirani siku za katikati ya wiki, uhesabu wanaoingia na mafurushi. Muulize mwenye jengo, si muuzaji, kama mkataba wa pango utahamia kwako na umebakiza muda gani. Uliza mashine zimenunuliwa lini na kama kuna mtu anazidai. Mwisho, tazama kama wateja wanakuja kwa ajili ya biashara au kwa ajili yake. Kama ni kwa ajili yake, mlipe sehemu tu mwanzoni, iliyobaki mlipe kidogo kidogo huku akikutambulisha kwa wateja. Akikataa katakata, amekujibu.

Kuhusu jina la kukodi, soma ada inapigwa juu ya nini. Mara nyingi ni asilimia ya mauzo. Mauzo yapo hata mwezi wa hasara, kwa hiyo mwenye jina anaweza kula mwezi ambao wewe hukula. Kisha tazama anakokula kwingine: je, lazima ununue malighafi kwake? Lazima upange jengo lake? Ray Kroc, muuza mashine za kuchanganyia maziwa, alifungua mgahawa wake wa kwanza wa McDonald's mwaka 1955, akawanunua ndugu waanzilishi mwaka 1961 kwa dola milioni 2.7. Nguvu ya kampuni haikutoka kwenye ada ya jina peke yake. Kuanzia mwaka 1956 ilikuwa ikishika viwanja na majengo, kisha ikiwapangisha wale wale waliokodi jina. Si ubaya, wengi wao walitajirika. Ila walihitaji kujua kwamba mwenye jina ndiye pia mwenye nyumba.

Kwa umri wetu mimi na wewe, nakuelekeza kwenye kufua nguo, kama bili ya maji itakubali. Na kiinua mgongo chote kisiingie. Weka pembeni matumizi ya nyumbani ya mwaka, uyafungie mahali ambapo biashara haifiki.

Sisi ni akina mama wanane, tunasuka vikapu na mikeka, na kila wiki tunachanga. Tunapewa mkopo kwa riba ya asilimia 2 tu kwa mwezi, marejesho kila wiki. Tuchukue?
*Katibu wa kikundi*

Katibu, ulizeni asilimia 2 ya nini. Chukua mkopo wa 1,200, ongeza sifuri kulingana na fedha ya kwenu, wa miezi 12. Kama riba inapigwa kwenye deni lililobaki, mtalipa riba ya kama 162 kwa mwaka. Kama inapigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, mtalipa 24 kila mwezi, jumla 288. Mwezi wa mwisho mtakuwa mnadaiwa 100 tu, na bado mnalipia 24. Hiyo "asilimia 2 tu" ni sawa na karibu asilimia 3 na nusu ya deni halisi kwa mwezi. Wakikata na ada mwanzoni, zidisheni hasira.

Tatizo la pili ni "kila wiki". Kikapu chenu kinachukua muda gani kugeuka fedha? Kama ni mwezi na nusu, marejesho ya wiki ya kwanza mtayatoa kwenye mkopo wenyewe, na malighafi itapungua kabla hamjaanza kusuka. Ombeni kuanza kulipa baada ya shehena ya kwanza kuuzwa. Wapo wakopeshaji wanaokubali, mkiwauliza kabla ya kusaini.

Pamoja na hayo, mkopo mdogo wenye masharti mazuri unaweza kumwondoa mtu kifungoni. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi chuo kikuu, alikuta wanawake wanaotengeneza viti vya mianzi. Mianzi walikopeshwa na mfanyabiashara, kwa sharti kwamba viti wamuuzie yeye kwa bei anayoitaka. Aliyewabebea kungoja alijilipa kwa jasho lao lote. Yunus alitoa mfukoni dola 27, zikawatosha watu 42 kujitoa kwenye madeni ya namna hiyo. Kutoka hapo ilizaliwa benki ya Grameen mwaka 1983, na yeye na benki wakapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2006. Kwa hiyo kabla ya kuchukua mkopo, tazameni anayewapa ukindu leo. Kama ndiye anayepanga bei ya kikapu, mkopo hata wa riba kidogo unaweza kuwalipa. Kama mnanunua ukindu wenyewe na kuuza mnakotaka, bakini na mchango wenu wa kila wiki.

Mama, jirani yangu anauza vitabu na vifaa vya shule kama mimi na amepunguza bei kwa asilimia 10. Nami nishushe?
*Muuza madaftari*

Unanunua kwa 70, unauza kwa 100, unabaki na 30. Ukiuza kwa 90 unabaki na 20. Ili upate ulichokuwa unapata kwa kuuza vitu 10, sasa uuze 15. Je, wateja nusu zaidi wapo mtaani kwako, au mtagombania wale wale na jirani?

Geuza hesabu uone. Ukipandisha hadi 110 unabaki na 40, na hata ukipoteza robo ya wateja faida inabaki ileile, tena kwa mizigo michache ya kubeba. Sikwambii upandishe kesho. Chagua vitu viwili vitatu ambavyo kila mzazi anajua bei yake, uvilinganishe na jirani. Vile visivyojulikana bei viache vilivyo. Halafu funga vifaa vya darasa moja kwenye mfuko mmoja wenye bei moja, mzazi mwenye haraka hatafungua kulinganisha kalamu kwa kalamu.